Mwenye Namba Yuko Ndani

Mtuwie radhi, wasomaji, tuliwaacha wiki nzima na simu sikioni. Wengine mmemwandikia mhariri kulalamika. Mhariri amesoma barua zenu zote, amecheka, amekunywa chai yake. Haya, turudi kazini.

Hewani yuko pale pale tulipomwacha. Karakana ya mapazia, saa tatu asubuhi, amesimama katikati ya mita arobaini za kitambaa kizito cha kijivu, na sikioni ameshika simu ya kuazima kwa mwenzake wa karakana, Mpiga Pasi. Amepiga namba yake mwenyewe, ile aliyokaa nayo miaka kumi na minne na kuirudisha kwa kampuni miezi saba iliyopita ili apate utulivu wa moyo. Ikaita mara mbili. Sauti ya mwanamume ikapokea:

"Hewani hapa. Nikusaidie nini?"

Mliobashiri kwamba atazimia, poleni sana. Fundi mwenye mapazia kumi na mawili ya kukabidhi kabla ya adhuhuri hana nafasi ya kuzimia.

"Hewani ni mimi," alisema.

"Wote husema hivyo," sauti ikajibu kwa upole. "Wiki hii wewe ni wa tatu."

Sasa, kwa yule aliyenunua gazeti leo kwa ajili ya kufungia misumari na macho yakaangukia kwenye ukurasa huu, tumweleze haraka asije akapotea.

Namba ya Hewani ilikuwa mali ya umma. Yeye ndiye kifungua mimba wa kwao, na kosa lake kubwa maishani ni kwamba alikuwa anapokea simu. Ndiyo maana wakamwita Hewani. Kila fomu iliyouliza "mtu wa karibu wa kupigiwa ikitokea dharura", ukoo mzima uliandika namba yake. Ndugu waliandika, shemeji waliandika, na mpangaji wa binamu naye aliandika, maana aliona wenzake wanaandika. Shule fulani ilimpigia kumjulisha kwamba mwanawe amemng'ata mwalimu. Hewani hana mtoto. Alikwenda hata hivyo, akaomba msamaha kwa niaba ya meno asiyoyajua.

Halafu walinzi. Fundi mapazia huenda nyumba za watu kupima madirisha, na kila geti lina daftari la wageni: jina, saa ya kuingia, namba ya simu. Kabla hajashuka kwenye ngazi, mlinzi ameshamtumia ujumbe: "Mambo, mrembo wa mapazia." Mwanamke anayewauzia watu faragha kwa mita, yeye mwenyewe hakubakiwa na hata kipande cha kujifunika.

Basi akairudisha laini. Aliwatumia ndugu ujumbe mmoja kwenye kundi la familia: "Namba hii inafungwa Ijumaa." Ujumbe ukaangukia katikati ya picha ya waridi na picha ya kikombe chenye moshi, zote zikisema asubuhi njema, na hakuna aliyeuona. Akanunua laini mpya, akawapa watu wawili tu: bosi wake na Mpiga Pasi. Hata Mama hakumpa, kwa sababu Mama hupiga kwa simu ya jirani, na kumpa jirani namba ni sawa na kuibandika sokoni. "Nitakuwa nakuja mwenyewe, Mama, tuongee ana kwa ana, ndiyo heshima," alisema. Akaja kila Jumapili. Kisha Jumapili moja moja. Kisha mapazia yakawa mengi.

Amani ikawa tele. Hakuna aliyemsumbua. Hakuna aliyemwambia lolote pia, lakini amani ni amani.

Mpaka asubuhi ile Mpiga Pasi aliposema shangazi yake amepigiwa simu na hospitali. Daktari bingwa wa macho amekuja, atakaa siku mbili tu, hatarudi mpaka mwaka ujao. Wagonjwa walio kwenye orodha wanapigiwa mara moja. Usipopatikana, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Mama yake Hewani yumo kwenye orodha hiyo. Jicho la kushoto lilishakufa miaka mingi. La kulia lina mtoto wa jicho, na mwaka jana waliambiwa lisichelewe sana. Na namba iliyoandikwa kwenye kadi ya Mama, kwa mwandiko mzuri wa Hewani mwenyewe, ni ile ya zamani.

Mmeshika? Vizuri. Tuendelee.

"Mzee," Hewani alisema akijikaza asipige kelele, "sikia. Hiyo namba ilikuwa yangu. Nataka kujua jambo moja tu, kama hospitali imepiga."

"Samahani, dada. Habari za jamaa hii hazitolewi kwa kila anayepiga. Ni faragha."

"Faragha yangu hiyo!"

"Ndiyo hasa. Ndiyo maana naitunza."

Fikirini wenyewe. Miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kuilinda faragha ya mwanamke huyu. Leo amepatikana mtu mwenye moyo huo, na wa kwanza kufungiwa nje ni yeye.

"Niulize chochote," Hewani alisema. "Uliza, nitajibu."

"Mpwa wako, yule aliyeolewa mwaka juzi. Mtoto wake anaitwa nani?"

"Hana mtoto."

Upande wa pili palisikika kalamu ikiwekwa chini, au labda lilikuwa koo la mtu anayetafuta namna ya kusema jambo baya kwa adabu.

"Ana wiki tisa," mzee akasema. "Dada Hewani wa kweli angejua."

Mpiga Pasi, aliyekuwa ameinamia pasi yake akijifanya hasikii, aliinua uso. Hewani hakuweza kumtazama. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni na kubaki pale.

"Lazima niiachie laini," mzee aliendelea. "Leo nina shughuli nzito. Kuna mgonjwa wangu anaingia chumba cha upasuaji saa tano. Siku njema."

Akakata.

"Mgonjwa wake," Hewani alisema. "Umesikia? Mgonjwa wake!"

Alitupa mkasi mezani, akamrudishia Mpiga Pasi simu yake. Ile yake mpya aliiacha kwenye droo ya nyuzi, imezimwa, mahali inapokaa siku zote ili isije ikasumbua.

"Na mapazia?" Mpiga Pasi aliuliza. "Wenyewe wanahamia leo!"

"Waonekane na majirani, hawatakufa."

Na akatoka mbio akiwa bado na koti la kazi, pini zimechomekwa kwenye ukosi.

Saa tatu na nusu alikuwa mlangoni kwa Mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kandambili za Mama hazikuwepo. Mezani alikuwepo mdogo wake wa mwisho, mwanamume wa miaka thelathini na mbili anayeishi na Mama kwa muda tangu miaka sita iliyopita. Jina lake la nyumbani ni Mkurugenzi, kwa sababu kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa moyo ni kutoa maelekezo.

"Mama yuko wapi?"

"Shikamoo, dada," Mkurugenzi alisema, mdomo umejaa mkate.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Hospitali. Walipiga juzi. Ameondoka saa moja na nusu."

"Na nani? Wewe si upo hapa!"

"Na Opereta."

"Opereta gani?"

"Wa namba yako." Alimtazama kana kwamba dada yake ndiye mjinga wa nyumba, nafasi ambayo kwa kawaida huwa ni ya kwake. "Yule mzee. Alikuwa opereta wa simu kiwandani, kule walikokuwa na ule ubao wa kuunganishia waya. Miaka thelathini na moja. Amestaafu, akanunua laini mpya, wakampa ile yako. Siku ya kwanza tu alipigiwa na watu kumi na saba."

"Na ninyi mkamwacha mama yenu aende hospitali na sauti ya kwenye simu?"

"Si sauti. Ana miguu. Ana shati la kunyooshwa. Amekuja na teksi, akamfungulia mlango, akamwekea na mto mgongoni. Mimi sijawahi kumwekea mama mto."

"Na unajivunia?"

"Nasema ukweli."

Hewani alishika kichwa. "Miezi mingapi mnajua kwamba si mimi?"

"Kama mitatu hivi. Tangu siku ya kwanza."

"Na hakuna aliyenitafuta kuniambia!"

"Tungekupigia wapi?" Mkurugenzi aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa anafanya mzaha. Aliweka mkate chini. "Halafu, dada, usikasirike. Yule mzee anasikiliza mpaka mwisho. Wewe ulikuwa unapokea, sawa, lakini ulikuwa unasema 'ndiyo, ndiyo, haya' na mashine inalia. Yeye anauliza, 'Halafu ikawaje?' Binamu alikuwa anataka kumwacha mkewe. Alimpigia Opereta mara tatu. Sasa hivi wamepaka rangi nyumba."

Hewani angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba mashine ile ndiyo iliyokuwa inamlisha mkate Mkurugenzi anaoutafuna. Lakini saa ya ukutani ilikuwa imeshafika nne kasoro, na hasira ni kitu kinachoweza kusubiri kuliko macho.

"Vaa viatu," alisema.

Getini hospitali kulikuwa na meza, na juu ya meza daftari. Mlijua tu. Nyuma ya daftari alikaa mlinzi aliyeipenda kazi yake kupita kiasi.

"Jina. Unakokwenda. Namba ya simu."

Hewani aliandika jina. Akaandika jengo la macho. Kisha kalamu ikasimama.

"Namba, dada."

"Simu nimeiacha kazini."

"Sijasema simu. Nimesema namba."

Hapa ndipo fundi wetu alipogundua jambo ambalo nyinyi wasomaji mngeliona tangu mapema kama mngekuwa makini. Namba yake mpya hakuwa ameishika kichwani. Angeishika ya nini? Zaidi ya wale wawili hakuwahi kumwandikia mtu, hakuwahi kuitaja, hakuwahi hata kujipigia. Miezi saba alikuwa ameificha vizuri namba ile, hata yeye mwenyewe asiipate.

"Siikumbuki," alisema.

"Kila mtu anakumbuka namba yake," mlinzi akasema. "Asiyekumbuka huwa ni mwizi wa mashuka."

Nyuma yao foleni ilianza kuguna. Hewani akaandika namba pekee aliyoijua, ile ya miaka kumi na minne. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Ahsante," mlinzi akasema, akatoa simu yake mfukoni. "Sasa nahakikisha. Watu siku hizi wanaandika za kubuni. Agizo limetoka juu."

"Usipige!"

Alikuwa ameshapiga, na sauti ameifungulia ili foleni nzima ifaidike.

"Hewani hapa. Nikusaidie nini?"

"Getini. Nahakikisha tu. Mwenye namba hii yuko wapi?"

"Yuko ndani," sauti ikajibu kwa utaratibu wake. "Jengo la macho, korido ya pili, benchi karibu na dirisha."

Mlinzi alikata simu. Alimtazama Hewani kuanzia kwenye pini za ukosi mpaka kwenye viatu vyenye nyuzi.

"Mwenye namba yuko ndani," alisema. "Wewe ni nani?"

Foleni ilisogea karibu isikie jibu. Mama mmoja alimvuta mwanawe pembeni, mbali na mwizi wa mashuka.

Aliyemwokoa ni Mkurugenzi, na tuseme wazi kwamba hii ni mara ya kwanza katika hadithi hii. Alisukuma mkono mbele, akaandika jina lake na namba yake, na penye "idadi ya wageni" akaandika mbili. Mlinzi alipiga, simu ya Mkurugenzi ikaita mfukoni mwake, na ulimwengu ukarudi sawa.

"Na huyu?" mlinzi aliuliza.

"Huyu yuko na mimi."

Hewani, dada mkubwa, nguzo ya ukoo, mtu wa karibu wa kupigiwa ikitokea dharura, akaingia hospitali kama mzigo wa mdogo wake. Mkurugenzi alibaki getini kidogo akimwelekeza mlinzi namna bora ya kupanga foleni.

Korido ya pili. Benchi karibu na dirisha.

Alikuwa mzee mfupi, mwembamba, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono inakata. Simu ilikuwa juu ya goti lake, chini yake ametandika leso safi. Pembeni palikuwa na daftari kubwa la kurasa za mistari, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Hewani alisimama mbele yake akihema.

"Wewe ndiye mimi?" aliuliza.

Mzee aliinuka. Watu wa siku hizi hawainuki.

"Kitambulisho, tafadhali."

Alimpa. Opereta alikisoma mbele na nyuma, akalinganisha picha na uso, akalinganisha jina na ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Karibu sana, dada Hewani," alisema. "Nimekushikia laini muda mrefu. Nilidhani utarudi mapema zaidi."

Hewani alikuwa amejiandaa kumtukana. Njia nzima, ndani ya teksi, alikuwa ameyapanga matusi kwa ukubwa. Sasa hakuna hata moja lililokuja.

"Kwa nini hukusema tu kwamba wamekosea namba?"

"Nilisema. Wakasema, 'Hata hivyo, mzee, sikiliza.'" Alivuta shati chini, akanyoosha kitu kisichokuwa kimekunjamana. "Miaka thelathini na moja nimeunganisha simu za wenzangu. Nilikuwa najua nani anampenda nani kiwanda kizima. Lakini mimi hakuna aliyewahi kuomba aunganishwe kwangu. Sasa laini yako ikaanza kuita, dada. Ningeifanyaje?"

Akamfungulia daftari. Kila jamaa alikuwa na ukurasa wake, kila simu saa yake. Binamu na mkewe. Shemeji na mguu wake. Mpwa: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mama mzima, mtoto mzima, na jina lake pembeni. Hewani alilisoma jina lile mara mbili. Lilikuwa jina lake yeye, lile la kuzaliwa. Walikuwa wamempa mtoto jina lake, na habari zikapokelewa na mstaafu wa kiwandani.

"Ukurasa wa Mama uko wapi?"

Mama hakuwa na ukurasa. Mama alikuwa na kurasa kumi na tatu. Mistari yote ilikuwa karibu sawa. Saa kumi, kwa simu ya jirani. Hakuna jambo, alitaka kusikia sauti. Saa kumi. Hakuna jambo, ameniuliza nimekula nini. Saa kumi. Hakuna jambo.

"Alijua si mimi?"

"Siku ya kwanza alijua. Aliomba radhi, akakata. Siku ya pili akapiga tena." Mzee alifunga daftari taratibu. "Aliniambia ile laini ilikuwa haipatikani miezi minne, na alikuwa anaipiga kila siku. Alifurahi tu kwamba sasa inaita."

Hewani aliketi kwenye benchi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kwa miezi saba alikuwa akijisifu kwa Mpiga Pasi kwamba amelala vizuri, na ni kweli, alilala vizuri sana.

Mlango wa korido ukafunguka. Muuguzi akatoka na karatasi kwenye ubao na kalamu mkononi.

"Ndugu wa mgonjwa wa jicho la kulia, yule mama?"

Opereta na Hewani waliinuka pamoja.

"Nahitaji mmoja," muuguzi alisema. "Sikilizeni haraka. Mgonjwa anaweka kidole gumba, ndugu anaweka saini. Bila vyote viwili daktari hagusi. Na daktari ana wagonjwa wawili nyuma yake, mchana anaondoka. Jicho hili nimeliona mwenyewe, halitasubiri mwaka mwingine. Tatizo ni kwamba mama amegoma kuweka kidole. Anasema mpaka azungumze kwanza na Opereta, wawili tu. Opereta ndiye nani? Nina dakika tano."

Opereta alitazama simu, akaitazama leso, akamtazama Hewani.

"Mimi kazi yangu ni kuunganisha," alisema. "Nenda wewe."

Na muuguzi, ambaye dakika zilikuwa zinamwishia, akamwekea Hewani ubao na kalamu mkononi.

Chumba kilikuwa kidogo, ukuta wa kijani nusu na mweupe nusu. Mama alikuwa amelala juu ya kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani, na jicho lake moja lenye uhai limeshatiwa dawa na kufunikwa kwa pamba. Alionekana mdogo kuliko siku zote. Aliposikia hatua, alitabasamu, tabasamu ambalo Hewani hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

"Funga mlango," Mama alisema. "Njoo karibu. Wale wasisikie."

Mwenye adabu hapa angesema, "Mama, si Opereta, ni mimi." Hewani alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini lile tabasamu halikuwa lake, na alijua likisikia sauti yake litaondoka. Akaufunga mlango, yeye akiwa upande wa ndani. Mwanamke aliyekimbia dunia nzima isisikilize siri zake akavuta kiti ili asikilize za mama yake.

Mkono wa Mama ulitafuta hewani, ukapata mkono wa koti la kazi, ukaushika.

"Mwambie huyo daktari hapana," Mama alinong'ona. "Nimekuja kwa sababu wewe umehangaika na teksi, sikutaka kukuvunja moyo. Lakini hapana."

Hewani aliuma mdomo.

"Wewe unamjua mwanangu kwa daftari. Mimi namjua. Si mbaya. Ana kazi nyingi. Nilipoanguka bafuni alikuja, akakaa siku tatu. Presha ilipopanda alikuja na matunda. Nikiwa mzima haji, Opereta. Sasa wakiniponya jicho hili, atakuja kwa sababu gani? Nitakaa pale kitini na jicho langu zuri, niliangalie pazia alilonishonea, niuangalie na mlango." Aliushika ule mkono wa koti kwa nguvu zaidi. "Mwambie mwanangu hospitali imeahirisha. Mwaka ujao. Kipofu hatelekezwi, watu wangemsema. Atakuja."

Mlangoni muuguzi aligonga. "Dakika mbili!"

"Unanisikia?" Mama aliuliza. "Mbona hujibu? Wewe hujawahi kuacha kunijibu."

Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho. Hewani aliona sehemu ya saini, mstari mmoja mweusi, "mtu wa karibu wa mgonjwa". Kwenye fomu kama ile alikuwa ameandikwa maisha yake yote na watu asiowajua, na alikuwa amelalamika. Hii moja aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

"Nakusikia, Mama," alisema.

Mama hakushtuka. Hakupiga kelele. Vidole vyake viliachia mkono wa koti, kimoja kimoja, na mkono ukarudi chini ya shuka.

"Mama, tafadhali. Weka kidole. Nitakuja. Nakuapia, nitakuja kila siku, nitakupa namba, nitampa na jirani, nitampa kila mtu. Weka kidole tu."

Mama aliugeuzia uso ukutani.

Muuguzi aliingia bila kungoja kukaribishwa. Nyuma yake alisimama daktari, glavu mikononi, akiitazama saa ya ukutani.

"Muda umekwisha," muuguzi alisema. "Mama, nahitaji neno lako moja kabla sijaondoka. Huyu ndiye mwanao? Ndiye anayekusainia?"

Hewani alimwinamia Mama kitandani. Alisubiri. Hakuwahi kusubiri jibu la mtu namna ile.

"Hapana," Mama akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeusikia ujumbe ule wa kampuni ya simu mchana baada ya mchana kwa miezi minne mpaka akauhifadhi. "Mwanangu hapatikani kwa sasa."

Daktari alianza kuvua glavu. Muuguzi alimtazama Hewani, akamtazama Mama, kisha akanyoosha mkono akaichukua kalamu.